Kuliaga Gari la Milango Miwili

Gari lile lilikuwa chini kiasi kwamba nikisimama Kerege kununua machungwa, kuku wa barabarani walinitazama machoni, sawa kwa sawa. Rangi yake ilikuwa buluu ya kukoza. Lilikuwa na milango miwili, siti mbili za maana mbele, na nyuma vijisiti viwili ambavyo aliyevitengeneza nadhani alikuwa hajawahi kukutana na binadamu mwenye magoti. Nililinunua mwaka niliomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wangu wa hisabati. Nilijiambia kwamba mtu aliyekaa kwenye dawati miaka minne, kila siku baada ya kutwa nzima ya kutengeneza friji za watu, anastahili kumiliki kitu kimoja kisichokuwa na faida yoyote duniani.

Na kweli faida hakikuwa nayo. Friji haiingii kwenye gari la spoti. Niliwahi kuifunga moja juu ya paa kwa kamba nikaenda nayo mpaka Kiromo, na wiki nzima watu wa huko walisimulia kwamba wameona friji inatembea yenyewe barabarani. Kompresa nilizipakia siti ya abiria nikazifunga mkanda kama wageni wa heshima. Matuta ya barabara ya Bagamoyo nilikuwa nayajua moja moja kwa tabia zake, hili la upole, lile la shari, na yote niliyapanda mshazari, na bado tumbo la gari lilikwangua mpaka watu wakatoka madukani kuangalia nani kaburuta bati.

Hayo yote ningeyavumilia mpaka kufa. Shida ilikuwa mama.

Mama yangu anakaa Kerege, nyumba yake imeingia ndani kidogo tu kutoka barabarani, na hataki kuhamia kwangu mjini. Sababu anayoitoa ni kuku wake, na kuku wenyewe ni wanne, mmoja kipofu. Ana sukari. Mwaka juzi alipata kidonda mguu wa kulia, pembeni ya kifundo, kikakataa kufunga. Kila Jumanne na Ijumaa nilimfuata, nikampeleka Bagamoyo kusafishwa, nikamrudisha. Kumwingiza kwenye gari ilikuwa afadhali: anageuka, anajiachia, anatua. Kumtoa ndiyo ilikuwa kazi. Alinipa mikono yote miwili, mimi navuta, mke wangu anasukuma mgongo, na katika kuvuta huko mguu ulipita juu ya kizingiti cha mlango, palepale penye kidonda. Mama hakulia. Alisema tu, "Taratibu, baba," kwa sauti ndogo.

Mjini kuna mfanyabiashara wa vipuri, Mhindi wa palepale Bagamoyo, babu yake kazaliwa mtaa huohuo lilipo duka. Alikuwa na gari refu la familia lenye mlango wa pembeni wa kuvuta, linapandwa kwa hatua moja fupi. Ukikunja viti vya nyuma, friji mbili zinalala humo kama maharusi. Watoto wake wote walikuwa wamehamia Dar, gari limekaa uani linakusanya vumbi. Siku moja alikuja karakana kwangu akaegemea paa la gari langu, jambo lililomlazimu kuinama sana.

"Fundi, wewe una mama na una mafriji," akasema. "Mimi mama yangu kishatangulia, friji ya kubeba sina. Nina hamu tu. Nipe hili, chukua lile, tusidaiane."

"Na tumbo hilo tutaliweka wapi, tajiri?"

"Tumbo langu niachie mwenyewe. Mama yako utamuweka wapi?"

Nikamwambia nitampa jibu Ijumaa ya wiki inayofuata. Nyumbani, mke wangu alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mama naye nilipomweleza akasema, "Alhamdulillahi, nitashuka kama watu." Kila mtu akafurahi isipokuwa mimi. Niliingia kwenye gari langu, nikashika usukani, nikakaa kama mtu aliyefiwa.

Sasa nieleze habari ya sauti. Magari mengi haya yaliyotumika Japani, ukiyawasha, mwanamke anaongea. Kila dereva wa hapa anamjua. Anasema maneno yake machache ya Kijapani, mazuri, ya adabu, kisha ananyamaza. Hatujui anasema nini na tumezoea. Langu lilikuwa naye, na mama tangu siku ya kwanza aliamua kwamba anasalimiwa. Nikiwasha gari, yule mwanamke akisema yake, mama anajibu, "Marahaba, mwanangu." Miaka miwili. Nilicheka mpaka nikachoka kucheka, mwisho nikawa nasikia marahaba ile kama sehemu ya injini.

Jumanne ile, katika wiki ya kutoa jibu, ilikuwa kipupwe lakini jua limekaa utosini. Ni saa ile ambayo huku pwani akina mama huwaita watoto ndani, na mtu ukiwa peke yako shambani unajikuta unatazama nyuma. Kivuli cha nyumba ya mama kilikuwa kimekwisha kabisa ukutani. Nilimkalisha, nikamfunga mkanda, nikazunguka, nikawasha.

Kikalia kitu kama kijiko kinapogusa glasi. Halafu mwanamke yule akaongea, lakini si maneno yetu ya kila siku. Yalikuwa marefu, tena ya chini, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. Katikati alinyamaza. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, na ule ukimya ulikuwa wa urefu uleule ambao mtu hukaa akikuuliza jambo na anangoja umjibu. Kisha akamalizia kwa maneno mawili matatu.

Mama alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme marahaba. Akaufunga.

"Zima," akasema.

Nikazima. Nje hakuna kuku aliyelia.

"Washa."

Nikawasha. Kijiko kikagusa glasi, mwanamke akarudia vilevile, na pale pa kunyamaza akanyamaza.

"Huyu leo ananiuliza kitu," mama akasema. "Miaka miwili namuitikia mtu nisiyemuona. Sisi tumefundishwa tangu wadogo, ukiitwa na usiyemuona usiitike, na mimi nimeitika kama mjinga. Sasa kaja kuuliza."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Najua ni mashine, we mtoto. Ndani ya mashine anaongea nani?"

Mimi nina cheti. Fizikia nilipata alama ambayo sitaitaja, lakini nilifaulu. Na nakiri mikono yangu ilikuwa baridi kwenye usukani, jua la saa saba likiwa juu ya paa.

Tulikwenda kliniki, nikamrudisha, na kila nilipowasha gari siku ile alisema yaleyale. Nilipomuacha mama nilikata njia ya Mbegani. Kule kuna mkufunzi wa chuo cha uvuvi ambaye friji yake nimeitengeneza mara nyingi mpaka tumekuwa marafiki, na yeye aliwahi kusoma Japani. Nilimkuta anaoga alasiri yake, akatoka na taulo begani. Nikamwambia, "Mwalimu, ingia humu unisikilizie mwanamke." Akaingia. Nikawasha.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaniomba nirudie.

"Kwenye magari haya, siku nyingine huwa anakukumbusha habari ya kadi ya kulipia barabara," akasema. "Leo anasema: leo ni siku maalumu. Halafu anasema, uende salama, uwahi kurudi."

"Siku maalumu ya nini?"

Akabonyeza bonyeza kioo cha dashibodi, akapita kurasa zenye maandishi kama visiki vilivyopangwa. "Hajaandika. Mwenye gari wa kwanza ameweka tarehe tu, ya leo. Inaweza kuwa siku aliyooa. Siku aliyozaliwa mtoto. Ukiweka, gari linakukumbusha kila mwaka."

"Mwaka jana halikusema."

"Mwaka jana tarehe hii uliliwasha?"

Nikakumbuka kwamba mwaka jana wakati kama huo lilikuwa kwa fundi wa bodi mwezi mzima. Hilo likanituliza kidogo. Kisha nikauliza swali ambalo nisingeliuliza ningekuwa mwerevu.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Mkufunzi akajifuta sikio. "Haya huja kwa mnada, fundi. Wengine wameuza wenyewe. Wengine wamekufa, wameuza waliobaki."

Nikaondoka. Njia ile ya kutoka Mbegani ina kipande kirefu ambacho pande zote mbili ni vichaka na mchanga mweupe, hakuna nyumba wala mtu. Nikiwa katikati, gari likaanza kulia ti, ti, ti, na taa nyekundu ikawaka: abiria hajafunga mkanda. Siti ile ilikuwa tupu. Sikuwa nimepakia kompresa, hata bisibisi haikuwepo. Nilipunguza mwendo. Ikaendelea kulia. Nikaipiga siti kwa kiganja, ikaendelea. Mwishowe nikasimama katikati ya barabara, nikanyoosha mkono, nikavuta mkanda nikaufunga juu ya hewa. Ikanyamaza.

Niliendesha mpaka mjini sikugeuza shingo kushoto hata mara moja, na kwa mtu anayetaka kukata kona hiyo ni hatari kuliko jini lolote.

Ijumaa nilipomfuata mama, kitu cha kwanza aliniuliza, "Umepata wa kumsikiliza?" Nilimkuta ameshaandaa chetezo. Akalifukiza gari ubani na udi kila pembe, mpaka kwenye buti, mpaka tukaendesha tumefungua vioo tunakohoa.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, maana sijawahi kuisema kwa mtu wa nje ya familia yangu.

Nilimjibu, "Nimempata mwalimu mmoja, ila hakuelewa vizuri, mama. Ni Kijapani cha zamani."

Kijapani cha zamani. Sijui nilikitoa wapi. Lakini mama aliposikia hivyo akasema, "Basi usimtoe. Mtu umekwisha kumuitikia, huwezi kumpa mgongo hujui anataka nini. Mwambie tajiri angoje." Ndani ya kifua changu, pamoja na hofu yote, kitu kikaruka kwa furaha kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Gari linabaki. Tena si mimi niliyesema, ni mama.

Tajiri nikamwambia mzee wa kike hajaridhia. Akasema, "Nitangoja, lakini nisife." Mke wangu alinitazama muda mrefu akiwa anachambua mchele.

"Baba watoto, mama yako anaogopa jini," akasema. "Wewe unaogopa nini?"

Nilikwenda kuosha gari.

Zikapita wiki kama sita. Sauti ilikuwa imerudia maneno yake ya kawaida tangu kesho yake, lakini mama hakusema tena marahaba. Alikuwa anakaa kimya, mikono juu ya mapaja, anasikiliza mpaka mwisho, halafu anapumua. Ile taa ya mkanda nayo ilikuwa ikiwaka siku ikitaka, mara zote nikiwa peke yangu. Nikajizoeza kuufunga mkanda kabla sijaondoka. Watu waliniona nikifanya hivyo nje ya karakana. Hakuna aliyeuliza, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu watu wa Bagamoyo wanauliza kila kitu.

Halafu Jumanne moja muuguzi alifungua bandeji, akainamia kidonda. Muuguzi yule ni mwanamke wa maneno mengi, anaweza kukusimulia harusi tatu kwa kidonda kimoja. Siku ile alikaa kimya.

"Hiki kidonda kinagongwa," akasema. "Kilikuwa kinafunga, sasa kimefunguka upande. Mnamleta na nini?"

Nikamwambia na gari. Akaniambia, "Nionyeshe." Akatoka nje na glavu zake mkononi, akasimama mbele ya gari langu, akalitazama kwenda chini.

"Huyu mama mnamng'oa humu kama muhogo," akasema. Hakuwa anatania. "Fundi, sikiliza. Hapa palipo na weusi, kikishuka kidogo kinafika mfupa. Kikifika mfupa, siyo mimi tena, ni msumeno. Mwezi huu asigongwe hata mara moja."

Nilirudi ndani nikamkuta mama amekaa kwenye benchi, mguu kaunyoosha, anaongea na mzee mwenzie habari ya bei ya nazi. Alikuwa mdogo. Sijui lini alinywea vile.

Siku ile nilimrudisha Kerege kwa gari la kukodi. Jioni nikalifuata langu, nikaenda nalo kwake tena peke yangu, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wake nikamwambia yote. Kadi ya barabara. Siku maalumu. Uende salama, uwahi kurudi. Kwamba nilijua tangu siku ileile.

Mama alikuwa anachagua mbaazi kwenye sinia. Hakuacha.

"Kwa hiyo hakuwa ananiuliza mimi."

"Hapana, mama. Ni gari linamkumbusha mwenyewe."

"Na mwenyewe alirudi?"

"Sijui."

"Huko kwake kuna mtu alipika siku hiyo, akangoja," akasema. Akatupa mbaazi mbovu. "Na wewe ulikuwa unalipenda gari."

"Nilikuwa nalipenda."

"Ungeniambia unalipenda, ningekwambia univute taratibu zaidi."

Ningependelea anipige na lile sinia. Kisha akasema gari liende kesho yake, lakini yeye kwanza aage, maana watu waliokaa pamoja hawaachani bila kuombana radhi, awe mtu, awe nini. Akaomba nimshike mkono. Hakuingia ndani ya gari. Alisimama upande wa abiria, mlango wazi, mguu mbovu kaunyanyua kidogo, akaniambia, "Muamshe."

Nikawasha. Mwanamke akasema maneno yake machache ya adabu.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mimi nimekuitikia salamu isiyokuwa yangu. Nisamehe, na mimi nimekusamehe. Huyu mwanangu mwongo umsamehe pia. Unakwenda kwa mtu mwema, ana tumbo lakini mwema. Kama una pa kwenda, nenda."

Injini ikanguruma. Hapakuwa na jibu, na mimi sikutegemea jibu, ila sikuzima upesi. Baadaye nikazima.

Kesho yake asubuhi tukabadilishana funguo na kadi za gari pale dukani. Tajiri aliingia kwa kuanza na kichwa, akatoa mguu, akaanza na mguu, akatoa kichwa, mara ya tatu akafaulu na mtaa mzima ukamshangilia. Alipinda kona na sikumwangalia mpaka mwisho.

Ijumaa, saa nne, akanipigia simu. Nilikuwa nasubiri nje ya nyumba ya mama na gari jipya, mlango wa pembeni nimeuvuta.

"Fundi, yule mama wa Kijapani umemtoa?"

"Nani amtoe?"

"Haongei. Jana kutwa nimewasha, kimya. Nilitaka wajukuu wamsikie."

Nikamuuliza kama alichomoa betri, maana betri ikichomolewa vitu vingine hujifuta. Akasema hajafungua hata boneti, hajui linavyofunguliwa. Nikamwambia nitapita kuangalia. Sijapita mpaka leo, na tajiri kaacha kuulizia.

Mama akatoka na fimbo yake. Hakunipa mkono. Alishika nguzo ya mlango, akapandisha mguu mzima, kisha ule mbovu, ukapita hewani bila kugusa kitu, akawa ndani. Alitabasamu kama msichana. Kidonda hicho kilifunga baada ya miezi miwili na nusu, na muuguzi amerudi kwenye habari za harusi.

Ijumaa ile, kwanza mama alikaa dirishani, mahali pazuri, panapopata upepo. Nikashika mpini wa mlango niufunge.

"Ngoja kidogo," akasema, na akasogea kiti cha katikati. Akakusanya kanga yake mapajani isichukue nafasi.

Nilingoja. Sikuuliza nangoja nini. Barabarani lilipita lori la mchanga, kisha bodaboda, kisha pakawa kimya.

"Haya," mama akasema. "Funga, twende."